Chupa ya Ugoro na Bunduki Yenye Mlango

Mimi ni mtu wa nyumbani. Mke wangu husema mwizi akitaka kutuibia itabidi aanze na mimi, maana ndimi kitu cha kwanza atakachojikwaa nacho. Ninashona viti. Nyuma ya nyumba tunayopanga hapa Jamhuri nina banda la mabati, na humo ndimo ninamozivua sofa za watu nguo kuukuu na kuzivika mpya. Sofa huja zenyewe juu ya mkokoteni, hurudi zenyewe juu ya mkokoteni, nami hubaki. Barabara ya Ngong naisikia zaidi kuliko ninavyoiona. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika kidogo kabla ya kuanza maisha, na nadhani bado niko kwenye mapumziko hayo.

Mtu wa namna hiyo ndiye anayekusanya bunduki.

Si bunduki za siku hizi. Ninazozipenda mimi ni mitumba ya jeshi: bunduki ndefu za mbao na chuma zilizopigana vita vya babu zetu, kisha vita vilipokwisha zikauzwa kama makoti. Hizo hazimwagi risasi mfululizo. Kwa kila risasi unainua mkono wa komeo, unavuta nyuma, unasukuma mbele, unalaza, kama mtu anayefunga mlango wa choo kwa uangalifu. Ni bunduki ya mtu asiye na haraka. Tulipokutana tulielewana papo hapo.

Nasema ninakusanya, na neno hilo hunipendeza sana mdomoni, lakini ukweli ni kwamba ninazo mbili. Na hizo mbili hazilali kwangu.

Ya kwanza niliipata kwa mzee mmoja wa Hurlingham niliyekuwa nikimshonea viti vya mezani. Ilikuwa imening'inia ukutani kwake, ya Kiingereza, ile ambayo wazee wetu huiita makfoo, na mkanda wake wa ngozi ulikuwa umekatika. Aliniomba nimshonee mkanda mwingine. Viti nilivimaliza haraka, mkanda nikaukalia muda mrefu kuliko viti vyote pamoja. Mzee alipouona, aliupitisha mkononi, akauzungusha, akaniambia siku atakayowafuata watoto wake ng'ambo, bunduki hiyo itakuwa yangu, serikali ikikubali.

Serikali haikukubali upesi. Iliniita, ikanichukua alama za vidole, ikauliza kwa chifu, ikauliza kwa majirani, ambao walishangaa kusikia kwamba ninaishi hapo. Mwishowe nikakalishwa mbele ya ofisa mwenye uso wa mtu aliyekosa chai.

"Unataka kuua nini?" akaniuliza.

"Sitaki kuua, afande. Nataka kuangalia."

"Kuangalia nini?"

"Hiyo bunduki."

Alimwita mwenzake wa chumba cha pili aje anione.

Leseni ilitoka, nadhani kwa huruma. Sheria ikasema bunduki iwekwe ndani ya sefu la chuma lililofungwa ukutani. Mke wangu akasema hapana. Kati ya sheria na mke wangu, sheria ndiyo yenye rufaa. Kwa hiyo bunduki ilikwenda kulala kwa muuza silaha, katikati ya jiji, orofa ya pili, nyuma ya milango mitatu ya vyuma, na baadaye ikapata mwenzake, Mjerumani mmoja mwenye mbao nyeusi na sura ya kutongoza. Jumamosi huwa naenda kuwatembelea, kama mzazi mwenye watoto wa bweni. Huenda na kitambaa laini na mafuta. Mwenye duka ni mzee mfupi mwenye suspenda za kushikilia suruali, na tangu siku ya kwanza huniita Jenerali.

"Jenerali," husema nikifika juu nikihema, "wanajeshi wako wamekuulizia wiki nzima."

Nyumbani nimeruhusiwa tu vile visivyoweza kumdhuru mtu: mikanda, vifungo, mfuniko wa turubai. Vyote viko bandani ndani ya kasha la biskuti, na mke wangu huviita mahari ya mjane.

Sasa nieleze kuhusu mlango, kwa sababu bila mlango hakuna hadithi. Ukiigeuza ile bunduki ya Kiingereza ukaitazama kwenye kitako, pale panapokaa begani, utaona bamba la shaba. Katika bamba hilo kuna kijimlango, nacho cha shaba, kidogo kama ukucha wa kidole gumba cha mwanamume mnene. Kikifunguka unaona shimo limechimbwa ndani ya ubao. Humo ndimo askari alimoweka kamba ya kusafishia mtutu, na mbele ya kamba, kichupa cha shaba cha mafuta. Kamba ninayo. Kichupa sikuwa nacho. Nilikitafuta miaka mingi kwa njia yangu, yaani nikiwa nimekaa. Jiji zima hili halina chumba kinachokaa wazi hata mwezi, isipokuwa hicho changu.

Ndipo mama mkwe alipokuja kutoka magharibi kutibiwa macho.

Alifikia Ngara, kwa mwanawe, shemeji yangu, kwa sababu kwetu sisi watu wa upande ule mama mkwe halali nyumba ya mkwewe. Wala hampeani mikono. Wala hamli meza moja, wala hamzungumzi ana kwa ana, na mkikutana njiani mmoja anaingia kichakani. Si uadui, ni heshima, tena heshima ya hali ya juu. Mtu mvivu wa kutoka kama mimi huiona ni mila iliyotungwa kwa ajili yake. Katika ndoa yangu yote nilikuwa nimemwona mama mkwe zaidi kwa mgongo.

Jumapili tulikwenda kumjulia hali. Nikaketishwa kwenye kiti cha karibu na mlango, uso umeelekea kalenda. Yeye alikuwa upande wa pili wa sebule, kando ya dirisha. Chai ikaletwa, nikainywa nikisoma kalenda. Kisha nikasikia kitu kikizungushwa, shaba juu ya shaba, krr, krr, krr. Masikio yangu hayana elimu kubwa lakini sauti hiyo yaliijua. Nikaibia jicho.

Mama mkwe alikuwa ametoa kichupa kifuani. Kilikuwa cha shaba, kinene kama kidole, kimelainika kwa kushikwa. Akafungua mfuniko, na mfuniko ukatoka na kijiko chake kirefu chembamba kilichoshikamana nao chini, kile ambacho askari alidondoshea mafuta kwenye komeo. Akachota ugoro, akaumwaga juu ya kiganja, akanusa, akapiga chafya kwa starehe.

Chai ilinimwagikia gotini.

"Shemeji, kuna nini?" akauliza mwenye nyumba.

"Kalenda," nikasema. "Mwezi umeisha."

Njia nzima ya kurudi nilimsumbua mke wangu. Amuulize mama yake kile kichupa alikitoa wapi. Mke wangu alitembea akinitazama kama mtu anayehesabu hasara.

"Baba watoto, mama yangu anaumwa macho. Wewe umeona chupa."

"Muulize tu."

"Nikamuulize mama chupa ya ugoro ni ya nani? Atadhani tunataka kumrithi akiwa hai."

Alimuuliza lakini. Siku mbili baadaye alikuja bandani, akaketi juu ya sofa ya watu, jambo ambalo hufanya akiwa na habari nzito, akanisimulia.

Baba yake mama mkwe alichukuliwa vitani akiwa kijana. Alirudi na blanketi, kofia na kichupa. Blanketi likaisha, kofia ikaliwa na mchwa. Aliwaambia watu wa kwao kwamba alibeba bunduki huko Burma, na kwamba bunduki hiyo ilikuwa na mlango nyuma, na nyuma ya mlango chumba, na ndani ya chumba kichupa hiki kililala. Siku ya kurudisha bunduki, kichupa kilikuwa mfukoni, kikabaki mfukoni. Kijiji kizima kilicheka. Bunduki yenye mlango. Je, ina madirisha? Inapangishwa? Ndugu yake mwenyewe ndiye aliyemalizia: huyu hakubeba bunduki, huyu alikuwa mpishi wa wazungu, na hicho ni kichupa cha pilipili. Jina likashika. Boma likaitwa kwa Mpishi. Mzee akazeeka akiitwa Mpishi, akazikwa akiitwa Mpishi, na mama mkwe, mwanamke wa miaka yote hiyo, mwenye wajukuu, hadi leo binamu yake, mtoto wa ndugu huyohuyo, humpigia simu kila Jumapili na kuanza, "Binti Mpishi, umeamkaje?"

"Si kwamba upishi ni aibu," mke wangu akasema. "Mama anasema kinachomuuma ni kwamba walimfanya mwongo. Hata yeye mwenyewe, anasema, kuna siku alikuwa na mashaka. Mlango wa bunduki, kweli? Sasa hajui kama alimkosea baba yake kwa kutilia shaka, ama alijidanganya kwa kumwamini. Anataka tu kujua kabla hajaenda."

"Mama watoto, mlango upo."

"Na wewe umeanza?"

"Upo. Kwenye yangu. Ninaufuta kila Jumamosi."

Alinyoosha mkono akachukua nyundo yangu, akaiweka chini, akasema, "Miaka yote hii unapanda ngazi za watu, kumbe ulikuwa na kitu cha maana huko juu."

Nilipendekeza nipige picha. Mama mkwe akaikataa kupitia kwa bintiye: kwanza haoni vizuri, na pili siku hizi kwenye simu hata simba huvaa viatu. Anataka kuugusa. Kidole hakidanganywi.

Lakini bunduki haiwezi kutoka kule kwa sababu ya sheria, na mimi na yeye hatuwezi kukaa chumba kimoja kidogo kwa sababu ya mila. Ilibidi tumwone shemeji, ambaye anafanya kazi ofisini na kwa hiyo ndiye mwenyekiti wa kila kitu katika ukoo. Akafikiria sana, akatoa hukumu mbili. Kwanza, njiani mimi nipite upande mmoja wa barabara, mama apite wa pili. Pili, simu inaruhusiwa, kwa kuwa mila haikuikataza.

"Haikuikataza kwa sababu haikuijua," nikasema.

"Basi usiijulishe," akasema.

Jioni hiyo simu yangu ikalia, nami kwa mara ya kwanza nikaisikia sauti ya mama mkwe ikinisemesha mimi.

"Mkwe."

"Mama."

"Huo mlango, ni wa shaba?"

"Wa shaba, mama."

"Hee," akasema, akakata.

Naomba niseme na nia yangu, isije ikaonekana mimi ni mtu mwema. Nilitaka ajue ukweli, ndiyo. Lakini pia nilikuwa nimekwisha kuiona picha kamili kichwani: mlango umefunguka, kichupa kimeingia, mama amelia kidogo, kisha anasema, mkwe wangu, kaa nacho. Nilikuwa hata nimefanya mazoezi ya kukataa mara mbili kabla ya kukubali.

Jumamosi tukaondoka Ngara kwa miguu, maana kutoka pale kushuka mjini si mbali. Mama mkwe na mke wangu walishika upande wa kushoto, wameshikana mikono. Mimi upande wa kulia, nyuma kidogo, nikikwepa mikokoteni ya vitunguu na wauza chaja waliotaka kujua kama nimehudumiwa. Kila tulipofika penye kuvuka, wao walivuka kwanza nami nikangoja, na mara mbili magari yalinishika nikaachwa nyuma, simu ikalia.

"Mkwe, umepotea?"

"Niko huku, mama. Kando ya mwanamke wa maparachichi."

"Mwanamume mzima anapotea mjini mchana."

"Sitoki sana, mama."

"Nimeambiwa."

Nilimwona ng'ambo akimpa bintiye simu huku mabega yakimtikisika kwa kicheko. Ilinibidi nikubali kwamba ule mgongo niliokuwa nikiuheshimu miaka yote ulikuwa na utani mwingi.

Kwenye ngazi walitangulia. Nilingoja chini hadi nyayo zikome, nikapanda. Duka limegawanywa kwa ukuta wa mbao nyepesi usiofika juu: mbele kuna kaunta na benchi la wateja, nyuma kuna meza ya kusafishia. Wao wakaketi benchini. Mimi nikapitishwa kwa mlango wa pembeni hadi mezani, nikawa nawasikia bila kuwaona. Mwenye duka, aliyekwisha kuelezwa hali, alikuja akainama kwangu.

"Jenerali, huyo kule mbele ndiye adui?"

"Ni mama mkwe wangu."

"Basi ni zaidi ya adui. Nimletee ipi?"

Na hapa ndipo nilipoharibu. Kila mkusanyaji ana ugonjwa mmoja: mgeni akija, huonyeshi kitu alichokuja kuona, unaonyesha kwanza kile unachokionea fahari. Nilitaka aanze na Mjerumani. Nilitaka aguse ule ubao mweusi, asikie uzito, ajue bintiye hakuolewa na mtu wa hivi hivi, kisha ndipo Mwingereza aje na mlango wake, kama nyama inavyokuja baada ya mchuzi. Mjerumani hana mlango. Hilo nililijua vizuri. Nilichosahau ni kumwambia mtu mwingine yeyote.

"Mpelekee huyu," nikasema.

Nikamsikia mwenye duka akitoka, akifungua komeo ili kila mtu aone bunduki haina kitu ndani, akimlazia magotini. Nikatega sikio nikitabasamu peke yangu. Nilisikia mikono mikavu ikipita kwenye ubao, taratibu, ikishuka kuelekea kitakoni. Ikafika kwenye chuma. Ikapita. Ikarudi. Ikapita tena.

"Hakuna," mama mkwe akasema.

"Ngoja, mama," mke wangu akasema. "Hebu tafuta kando."

"Nimetafuta. Ni chuma tupu, kimefunika kila mahali." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitoa jasho. Ilikuwa sauti ya mtu aliyefunga duka. "Mzee wa watu. Kumbe walikuwa wanasema kweli. Shika mkono wangu twende."

Nikapiga simu. Nikaisikia ikilia upande wa pili wa ukuta, ndani ya mkoba wa mke wangu.

"Nani ananipigia wakati kama huu?" mama mkwe akauliza. "Zima."

Mke wangu akazima. Benchi likalia. Nilisikia bakora ikigusa sakafu, mara moja, mara ya pili, ikielekea ngazini. Mwenye duka, ambaye habari ya mlango alielezwa nusu, alikuwa anamfuta Mjerumani alama za vidole. Nilipanda juu ya kiti, na ninasema kiti kwa sababu ninavijua viti, hicho kilikuwa kibovu, nikatokeza kichwa juu ya ukuta, nikamwona mama mkwe wangu uso kwa uso kwa mara ya kwanza.

"Mama, si huyo," nikasema. "Keti chini."

Sikusema kwa simu. Sikusema kupitia kwa mtu. Nilimwamrisha mama mkwe wangu aketi chini, mbele ya mashahidi, nikiwa nimesimama juu yake kama mwizi wa maembe.

Mke wangu alijiziba mdomo. Mwenye duka alitutazama mmoja mmoja, akaona ni jambo la kwetu, akajishughulisha na suspenda zake. Mama mkwe alisimama hapo ngazini, uso ameugeuzia ukutani kama inavyotakiwa, kisha polepole akarudi, akaketi.

"Binti yangu," akasema, "mwambie huyo mtu kuku ni mmoja."

"Umesikia," mke wangu akaniambia.

"Kuku wa nini?"

"Wa kunisemesha," mama mkwe akamwambia ukuta. "Huyo wa kuniambia keti chini, tutaona."

Nikashuka kitini, nikamchukua Mwingereza kwa mikono yangu, nikampitisha mlangoni kwa mwenye duka. Sikurudi kukaa. Palikuwa na ufa kati ya mbao mbili, nikauwekea jicho. Kuku nilikuwa nimekwisha kutozwa, nikaona nisiache faida.

Mwenye duka alimlazia bunduki magotini, akainama kumwonyesha. "Mama, mlango wenyewe uko hapa, unauvuta kwa ukucha namna hii—"

"Toa mkono," mama mkwe akasema.

Akaipindua bunduki mwenyewe, kitako kikaja kifuani kwake. Macho yake hayakuwa yakitazama popote. Kidole gumba kikalitafuta bamba la shaba, kikapanda, kikakuta kijishimo kidogo kilicho pembeni ya mlango, kikatulia hapo kama kimewahi kufika. Hakuvuta. Alisukuma. Mlango ukafunguka.

Mimi mwenyewe, siku ya kwanza, niliuvuta kwa bisibisi hadi mzee wa Hurlingham akanionea huruma.

"Alitufundisha na mpini wa jembe," mama mkwe akasema, bado kidole kiko pale. "Jioni, tukimaliza kulima. Anashika mpini hivi, anasema, usivute, wajinga ndio huvuta. Kidole gumba, sukuma. Tulikuwa tunafungua mpini wa jembe, tunacheka. Miaka yote nilidhani ni mchezo."

Akatoa kichupa kifuani. Akakipangusa kwenye leso, akakisukuma ndani ya shimo, na kikaingia bila kubishana, hadi mwisho, kikakutana na kamba. Mlango ukajifunga juu yake. Tak.

Akaurudia. Akafungua, akatazama kwa kidole, akafunga. Tak. Nadhani alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika kwa ushahidi. Mke wangu alikuwa analia na kucheka na kutafuta kitambaa kwenye mkoba uleule. Mwenye duka alisimama ameinamisha kichwa kama mtu aliye kanisani. Mama mkwe hakulia. Aliketi na bunduki magotini kama mtu aliyepewa mtoto ashike.

"Basi," akasema. "Nimesikia, baba."

Ndipo nikajiandaa. Nilikuwa tayari kukataa mara mbili.

"Binti yangu, mwambie mwenye nyumba hii," akasema, "kijana wangu atalala hapa. Ametoka kwao zamani sana. Mtu akirudi kwao hageuzwi mlangoni siku hiyohiyo. Nitamchukua baadaye."

"Mama, hapa si gesti," mwenye duka akasema kwa upole. "Na huyo ana ugoro ndani. Leseni haijataja ugoro."

"Ni wa siku chache tu. Hasumbui."

Kwa hiyo kwa wiki moja nilikuwa na bunduki iliyokamilika. Mimi, ambaye kutoka nje ni Jumamosi tu, nilikwenda mjini Jumatatu, nikaenda Jumanne, nikaenda Alhamisi. Nilikuwa nafungua mlango, nakitazama kichupa kimekaa chumbani mwake, nafunga. Sofa za watu zilinisubiri bandani zikiwa uchi. Ijumaa mwenye duka akanipigia.

"Jenerali, leo walikuja kukagua. Ofisa amefungua kabati lako, amepiga chafya hadi kofia ikaanguka. Mchukue mgeni wako."

Nilimchukua. Jumapili nikanunua kuku, nikapanda naye ngazi za Ngara, kichupa kikiwa mfuko wa shati. Mke wa shemeji alinipokea mlangoni, akachukua vyote viwili, akaniacha koridoni kwa kuwa ndani mama alikuwa sebuleni. Mlango ulibaki wazi kidogo. Simu ya mama mkwe ilikuwa inaongea kwa sauti kubwa, maana ndivyo anavyoiweka.

"Binti Mpishi," sauti ya mwanamume mzee ikasema, "macho yameamkaje?"

"Yameamka. Nimeuona mlango."

"Mlango gani?"

"Wa baba."

Simu ikakwaruza, kama mtu aliyeihamishia sikio la pili.

"Umeonyeshwa na nani?"

"Na kidole changu. Nimeufungua mwenyewe. Chupa imeingia, imelala huko wiki nzima, leo imerudi."

"Basi alikuwa mpishi aliyeachiwa bunduki za askari," binamu akasema, lakini kwa sauti ya mtu anayerudi nyuma.

"Hata kama. Alijua mlango uko wapi. Wako hakujua hata jiko liko wapi."

Yule mzee alicheka, naye akacheka, wakachekana kwa muda, watu wawili waliobaki wa enzi moja. Kisha binamu akakohoa.

"Sasa nikuite nani? Nimezoea."

"Niite jina langu. Bado unalikumbuka?"

Alilikumbuka. Alilitaja, polepole, na mama mkwe akaitika kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Nikaona hapo ndipo pa kuondoka. Nilikuwa nimegeuka kuelekea ngazi simu yangu ilipolia mfukoni. Alikuwa yeye. Nilikuwa naisikia sauti yake mara mbili, sikioni na kupitia mlangoni.

"Mkwe."

"Mama."

"Kijana wangu amerudi ananuka mafuta ya bunduki. Ugoro nao unanuka."

"Ni harufu ya kwao, mama."

Akanusa. Nikasikia chafya mara mbili, kwa simu na kwa mlango.

"Si mbaya," akasema. "Mvua zikianza ugoro huganda, hautoki vizuri. Wakati huo atakwenda kukaa kwao kidogo. Utakuja kumfuata wewe."

"Nitamfuata, mama."

"Lakini huyu kuku ni mwembamba."

"Nitaongeza mwingine."

"Ongeza. Sasa toka hapo mlangoni, nataka kupita."

Nikashuka ngazi mbio, jambo ambalo majirani wa Jamhuri hawataliamini.